Kupiga picha vitu vidogo sana: tuchague chombo gani?

Tembo akiingia shambani, kijiji kizima huamka. Watu hupiga ngoma na madebe mpaka aondoke. Lakini mdudu asiyefikia punje ya ulezi huingia bila kubisha hodi. Hula usiku na mchana, huzaa chini ya jani, na mwenye shamba hana habari naye mpaka siku aonapo majani yamejikunja na mashina yamedumaa. Ndipo huuliza: «Ni nini hiki kinachotuharibia chakula?» Mara nyingi hakuna wa kumjibu, kwa kuwa mwenye ujuzi yuko mbali, na mdudu mdogo namna hiyo hawezi kuelezwa vema kwa maneno.

Siku hizi picha husafiri upesi kuliko mtu. Mwanafunzi wa Kindu aweza kupiga picha asubuhi, na agronomu aliye Bukavu akaitazama kabla ya jua kutua. Lakini picha yenye ukungu, au picha ambayo ndani yake mdudu ni nukta nyeusi tu, haimsaidii mtu. Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, juma hili tunataka kutazama pamoja nanyi vyombo vya kupigia picha vitu vidogo sana: vipi vinafaa, vipi vinatosha, na vipi ni kutupa fedha ya nyumba bure.

Hasara ya kutomjua adui

Kwanza tukumbuke jambo lililotupata sisi wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mdudu mgeni alionekana katika mashamba ya muhogo pande za Kinshasa na Brazzaville. Mwili wake umefunikwa na nta nyeupe kama unga. Alinyonya utomvu wa vichipukizi, majani yakajikunja na kubanana, shina likapindika. Akina mama walikosa sombe, tena walikosa mashina mazuri ya kupanda. Kutoka hapa kwetu mdudu huyo alienea katika nchi nyingi za Afrika. Mwaka wa 1977 bibi mmoja mtaalamu wa wadudu wa Paris, Danièle Matile-Ferrero, alimpa jina la elimu: Phenacoccus manihoti.

Muhogo wenyewe ulitoka Amerika ya Kusini, na wenye elimu waliona kwamba mdudu huyu naye hana budi kuwa ametoka huko, pamoja na maadui wanaomla. Wakaenda kuwatafuta. Upande wa kaskazini wa Amerika ya Kusini waliona mdudu wa muhogo anayefanana naye kabisa, wakachukua nyigu wadogo wanaomshambulia. Lakini nyigu hao walikataa kuzaa ndani ya mdudu wetu wa Afrika. Kwa nini? Kwa kuwa hakuwa yule yule! Wetu ana rangi ya waridi chini ya unga wake, yule mwingine ana rangi ya manjano. Na alama nyingine zinazowatenga huonekana kwa darubini ya vitu vidogo tu. Miaka ikapita. Mwaka wa 1981 Anthony Bellotti, aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha utafiti cha CIAT huko Kolombia, alimpata mdudu wa kweli nchini Paraguay. Nyigu mdogo aliyekuja pamoja naye, ambaye urefu wake ni milimeta 2 hivi, alipelekwa katika chuo cha IITA huko Ibadan, Nigeria, akafunguliwa mashambani mwaka ule ule. Alienea, akamshinda mdudu wa unga katika sehemu nyingi za Afrika. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo la Chakula la Dunia mwaka wa 1995.

Hatusemi kwamba kamera pekee ingalimaliza shida ile. Wataalamu huwaweka wadudu hao juu ya kioo na kuwachunguza kwa darubini kubwa. Lakini mwaonaje? Ikiwa wenye elimu walipoteza wakati mwingi kwa sababu ya kufanana kwa wadudu wawili, je, sisi tutamtambua adui wetu kwa kumtazama hivi hivi tukiwa wima, jembe begani? Macho yatakayotusaidia hayana budi kukaribia.

Pima kwanza, nunua baadaye

Watu wengi huanza kwa kuuliza: «Kamera gani ni nzuri?» Sisi twasema: uliza kwanza, «Kitu changu kina milimeta ngapi?» Chukua rula ya mtoto wa shule, uiweke kando ya mdudu. Jibu la rula ndilo litakalochagua chombo.

Kiwavijeshi cha mahindi, kilichoingia Afrika mwaka wa 2016, kikikomaa hufika sentimeta 3 au 4. Mbung'o ana kiasi cha sentimeta moja. Mbu wa malaria ni mdogo kuliko huyo. Mdudu atoboaye punje za kahawa hazidi milimeta 2. Utitiri wa kijani wa muhogo haufikii hata nusu milimeta. Hawa wote twawaita wadudu wadogo, walakini aliye mdogo kabisa aweza kupangwa mara mia katika urefu wa aliye mkubwa. Chombo kimoja hakiwezi kuwafaa wote.

Mafundi wa picha hupima kazi hii kwa uwiano. Ndani ya kamera ya siku hizi, mahali pa filimu ya zamani, pana kibao kidogo kinachopokea mwanga, nacho huitwa kihisi. Katika kamera kubwa za kawaida kihisi kina upana wa milimeta 36 na kimo cha milimeta 24. Kitu chenye milimeta 10 kikichora juu ya kihisi sura yenye milimeta 10, twasema uwiano ni 1:1, moja kwa moja. Sura ikiwa na milimeta 5, uwiano ni 1:2. Ikiwa na milimeta 50, uwiano ni 5:1.

Sasa fanyeni hesabu, ninyi wanafunzi. Mdudu wa kahawa mwenye milimeta 2, kwa uwiano wa 1:1, atachukua milimeta 2 katika upana wa milimeta 36, yaani sehemu moja ya 18. Ataonekana, lakini kama mtu aliyesimama ng'ambo ya uwanja wa mpira. Kwa uwiano wa 5:1 atachukua milimeta 10, zaidi ya robo ya upana wa picha. Hapo hata vinyweleo vya mgongo vitahesabika. Kinyume chake, kiwavijeshi cha sentimeta 4 hakihitaji hata uwiano wa 1:1: kingezidi upana wa kihisi na kukatwa kichwa na mkia!

Simu na kioo cha kukuza

Jamaa nyingi zina simu yenye kamera. Basi tuanzie hapo, kabla ya kufungua mfuko.

Simu nyingi haziwezi kuona sawasawa kitu kilicho karibu mno. Ukiisogeza kupita sentimeta 7 au 10, picha huingia ukungu. Wengi huisogeza tu, kisha huilaumu simu. Rudi nyuma kidogo mpaka picha itulie, upige, na baadaye ukate pembezoni. Kwa kiwavi cha sentimeta 3 hiyo yatosha kabisa. Alama zake ni mbili: kichwani ana mstari mweupe mfano wa herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa mraba. Picha inayoonyesha Y ile na madoa yale manne imemaliza kazi yake, hata kama ilipigwa kwa simu ya zamani.

Ukitaka kukaribia zaidi, tafuta kioo cha kukuza kama kile wanachotumia masonara na maagronomu, kinachokuza mara 10. Kiweke mbele ya jicho la simu, vikigusana, kisha usogeze vyote viwili pamoja hadi sentimeta 2 au 3 karibu na mdudu. Ziko pia lenzi ndogo za kubana juu ya simu kwa kibanio kama cha nguo. Chagua ile ya kioo, uache ile ya plastiki. Uitazame juu ya karatasi yenye mistari: ikiwa mistari ya pembeni imepinda kama upinde, au ina rangi za upinde wa mvua, irudishe kwa mwenye duka.

Hapa tuna onyo. Simu nyingi za bei ndogo zimetangazwa kuwa na jicho maalumu la vitu vidogo. Kumbe mara nyingi jicho hilo lina megapikseli 2 tu, na picha yake ni dhaifu kuliko ile iliyopigwa kwa jicho kubwa la simu hiyo hiyo na kukatwa. Idadi ya macho nyuma ya simu si dalili ya uwezo wake. Simu zilizo bora kwa kazi hii ni zile ambazo jicho lake lenye uwanja mpana huweza kukaribia lenyewe. iPhone 13 Pro ya mwaka wa 2021, kwa mfano, hukaribia hadi sentimeta 2. Lakini bei yake si ya kila nyumba.

Kwa shule kuna chombo kingine kidogo cha ajabu: Foldscope, darubini ya karatasi ya kukunja, iliyobuniwa na Manu Prakash na wenzake katika chuo kikuu cha Stanford, Marekani, na kutangazwa mwaka wa 2014. Lenzi yake ni kijipande kidogo sana, nayo hukuza kiasi cha mara 140. Simu huweza kushikizwa juu yake ili kupiga picha. Haifai kwa mdudu anayetembea juu ya jani, maana kitu hutandazwa kwanza juu ya kioo. Lakini kwa utitiri, kwa bawa la mbu au kwa chavua ya ua, chombo hiki kitamwonyesha mtoto mambo ambayo kamera ya bei kubwa haimwonyeshi.

Mwenye kamera tayari

Huenda mjomba au shemeji anayepiga picha za harusi ana kamera ambayo lenzi yake hutolewa na kubadilishwa. Basi usikimbilie kununua lenzi mpya. Ziko njia tatu za kuifanya lenzi aliyo nayo ione karibu.

Njia ya kwanza ni pete za kurefushia. Hizi ni pete tupu, hazina kioo ndani. Huwekwa kati ya kamera na lenzi. Kadiri lenzi inavyotengwa na kihisi, ndivyo inavyoona karibu. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya urefu wa pete kwa urefu wa lenzi. Pete za milimeta 50 pamoja na lenzi ya milimeta 50 hutoa uwiano wa 1:1. Pete hizo hizo pamoja na lenzi ya milimeta 200 hutoa robo tu. Kwa hiyo pete hufaa lenzi fupi. Mara nyingi huuzwa tatu pamoja, za milimeta 12, 20 na 36, jumla 68. Nunua zile zenye vijiti vya shaba vinavyopeleka umeme kwenye lenzi. Zisizo navyo ni rahisi, lakini kwa lenzi nyingi za siku hizi hutaweza tena kubana wala kufungua tundu la mwanga.

Njia ya pili ni lenzi ya kuongezea mbele, inayofungwa kama kifuniko. Nguvu yake huhesabiwa kwa dayopta. Dayopta 4 humaanisha kwamba kitu huonekana sawa kikiwa sentimeta 25 mbele yake. Dayopta 8, sentimeta 12 na nusu. Hii hufaa lenzi ndefu. Ukiweka dayopta 8 mbele ya lenzi ya milimeta 200, gawanya 200 kwa 125: utapata zaidi ya mara moja na nusu ya ukubwa halisi. Lakini uchague ile iliyotengenezwa kwa vioo viwili vilivyounganishwa, maana ya kioo kimoja huacha rangi ya zambarau pembezoni mwa kila unywele wa mdudu.

Njia ya tatu ni kuigeuza lenzi nyuma mbele kwa pete ya kugeuzia. Lenzi ya zamani ya milimeta 28 ikigeuzwa hukuza zaidi ya mara mbili. Hii ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote. Ubaya wake ni kwamba kioo cha nyuma hubaki wazi kwa vumbi na mvua, tena kamera haiwezi kuiongoza lenzi. Tafuta lenzi ya zamani yenye pete ya kufungulia tundu kwa mkono.

Lenzi iliyofanywa kwa kazi hiyo

Ziko lenzi zilizotengenezwa tangu mwanzo kwa ajili ya vitu vya karibu. Mjerumani Heinz Kilfitt alitoa moja, Makro-Kilar, mwaka wa 1955, na tangu hapo viwanda vingi vimefuata. Lenzi za namna hii, nyingi zao, hufika uwiano wa 1:1 bila kuongezewa kitu.

Zina urefu wa namna tatu: milimeta 50 hadi 60, milimeta 90 hadi 105, na milimeta 150 hadi 180. Zote zaweza kutoa ukubwa ule ule. Basi tofauti ni nini? Ni nafasi iliyobaki kati ya kioo na mdudu. Ile fupi hulazimu kukaribia sentimeta chache tu; kivuli cha lenzi humfunika mdudu, naye huruka. Ile ya milimeta 100 huacha kiasi cha sentimeta 14. Ile ndefu huacha zaidi, lakini ni nzito na bei yake ni kubwa. Kwa mbegu, stempu au fedha za chuma zisizokimbia, ile fupi yatosha. Kwa kipepeo, nyuki na mbung'o, sisi tungechagua ya kati, milimeta 90 hadi 105. Tena ukipata moja ya zamani isiyolenga yenyewe, usiidharau. Katika kazi hii mkono hulenga vema kuliko mashine: huweka lenzi mahali pamoja, kisha mpiga picha huinama mbele na nyuma polepole mpaka jicho la mdudu ling'ae.

Na aliye mdogo kuliko milimeta 3? Canon ilitoa mwaka wa 1999 lenzi ya MP-E, milimeta 65, inayokuza tangu mara 1 hadi mara 5. Laowa wana nyingine ya milimeta 25, tangu mara 2 na nusu hadi 5. Hizi haziwezi kupiga picha ya kitu kingine chochote. Wala mtoto wala nyumba. Ni vyombo vya mtu aliyekwisha jifunza. Wengine hutumia mivukuto, yaani ngozi iliyokunjwa inayotanuka kati ya kamera na lenzi, nayo hufanya kazi kama pete ndefu sana. Mmarekani Wilson Bentley, mkulima wa Jericho, Vermont, aliunganisha kamera ya mivukuto na darubini, akapiga mwaka wa 1885 picha za punje za theluji. Hata kufa kwake mwaka wa 1931 alikuwa amepiga zaidi ya 5000. Hakuwa mtu wa chuo, bali mtu wa subira.

Vitu viwili vinavyosahauliwa

Wengi hununua lenzi na kusahau mwanga. Kumbe kadiri unavyokuza, ndivyo picha inavyotiwa giza. Kwa uwiano wa 1:1 mwanga unaofika kwenye kihisi ni robo tu ya ule wa kawaida. Tena unene unaoonekana sawa hupungua mno: kwa tundu la f/8 na kihisi kile kikubwa, ni kama milimeta 1, kwa mara 5, ni kama sehemu ya kumi ya milimeta. Jicho likiwa safi, mguu umo ukunguni. Usidhani utaponywa kwa kulibana tundu hadi f/22, maana mwanga ukipita katika tundu jembamba mno hutawanyika, na picha yote hulainika.

Basi mwenye fedha kidogo agawanye fedha zake: nusu kwa lenzi, nusu kwa mwanga. Flashi ndogo iliyofunikwa na karatasi nyeupe, au na kipande cha chupa nyeupe ya plastiki, itatoa mwanga laini usiochoma nta ya mdudu kwa weupe. Tena mmweko wake ni mfupi sana, hata mtetemo wa mkono hauonekani. Asiye na flashi atumie jua la asubuhi na sahani nyeupe ya kurudishia mwanga upande wa kivuli. Asubuhi na mapema wadudu wengi wamezizima kwa baridi, hawaruki.

Kitu cha pili ni utulivu. Stendi ya miguu mitatu ni nzuri kwa mbegu na mayai ya wadudu. Shambani, mfuko wa kitambaa uliojazwa maharagwe, ukiwekwa chini ya kamera, hufanya kazi nzuri kwa gharama ndogo. Kwa kitu kisichosogea, waweza kupiga picha nyingi, kila moja ikisonga kidogo, kisha programu ya kompyuta ikaunganisha sehemu zilizo safi za zote.

Ununuzi wa mitumba

Kamera na lenzi zilizotumika huuzwa katika miji yetu, na nyingi bado ni imara. Lakini usilipe kabla ya kumulika tochi ndani ya lenzi. Ukiona nyuzi kama za buibui, huo ni ukungu wa kuvu. Umekula kioo na utaendelea kula. Nchi yetu ina unyevu mwingi, basi hata lenzi safi iwekwe katika sanduku la kufunga sawasawa pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya maji, si katika mfuko wa ngozi. Uhakikishe pia kwamba mdomo wa lenzi unalingana na mdomo wa kamera yako, kwa maana kila kiwanda kina wake.

Picha inayojibu swali

Hata chombo bora chaweza kupiga picha isiyojibu neno. Mbu wa malaria hutambulikana, akitua ukutani, kwa kuinama kichwa na kuinua tumbo. Aliyepigwa picha kutoka juu ameficha alama hiyo. Aliyepigwa kutoka ubavuni ameitangaza. Mbung'o hulaza mabawa yake moja juu ya lingine kama makasi yaliyofungwa: huyu, apigwe kutoka juu. Mdudu wa kahawa hujificha ndani ya punje, lakini tundu lake dogo kwenye kitovu cha punje laonekana kwa simu.

Kwa hiyo piga picha tatu: mmea wote, sehemu iliyoharibika, na mdudu mwenyewe. Weka rula au njiti ya kiberiti kando yake, ili mtazamaji ajue ukubwa. Ukituma kwa simu, itume kama faili, kwa maana ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa na kupoteza vinyweleo vyake. Na usisahau kwamba picha ina mpaka. Mbu kadhaa wa malaria hufanana hata mtaalamu hawezi kuwatenga kwa macho, ila kwa uchunguzi wa chembe za urithi. Hao hupelekwa maabara, si kwa agronomu wala kwa mpiga picha.

Kabla ya kuweka sumu pia, karibia. Juu ya muhogo kuna watoto wa wadudu fulani wa mviringo wenye madoa, ambao nao wamevaa nta nyeupe. Ukiwatazama kwa mbali utadhani ni adui yule wa unga, kumbe wanamla! Mwenye kupulizia dawa bila kutazama huua askari wake mwenyewe, kisha hulipa fedha ili adui azae kwa raha.

Basi shauri letu ni hili. Jamaa ambayo inataka kujua kinachokula shamba lake: simu iliyopo nyumbani na kioo cha kukuza mara 10 vyatosha, wala usiuze mbuzi kwa ajili ya zaidi. Shule: vioo vya kukuza kadhaa na darubini moja au mbili za karatasi, ili watoto wote watazame, kuliko kamera moja inayofungiwa kabatini. Kijana aliye na kamera tayari: pete za kurefushia na flashi. Na yule atakayeifanya kuwa kazi yake ya maisha: lenzi ya milimeta 100, kisha, baada ya mwaka mmoja au miwili ya mazoezi, ile ya mara 5.

Juma lijalo tutaeleza jinsi ya kukusanya wadudu wa shamba na kuwahifadhi wasioze, ili yule ambaye picha haikutosha kumtambulisha aweze kupelekwa mwenyewe kwa wataalamu.